Usukani mgumu, vidole vyenye ganzi: Chunga raba za pikipiki yako

JE, msomaji, umewahi kushuka kwenye pikipiki baada ya safari ndefu ukahisi viganja vinavuma, kana kwamba injini ingali inanguruma mikononi mwako? Umewahi kuamshwa usiku wa manane na vidole vilivyokufa ganzi, ukalazimika kuukung'uta mkono ndipo hisia zirudi? Ikiwa jibu ni ndiyo, makala ya leo ni yako. Na hata kama wewe huendeshi, bali hupanda nyuma ya bodaboda kila asubuhi ukienda kazini, endelea kusoma. Uhai wako umo mikononi mwa mtu yule aliye mbele yako, na mikono hiyo ndiyo tutakayoizungumzia.

Kuna kazi moja ambayo mafundi wa pikipiki huombwa mara kwa mara. Mteja huja gerejini akilalamika kuwa usukani "unacheza". Fundi huufungua, akatoa raba zilizo chini ya vishikio vya usukani, na badala yake akatia bushi za plastiki ngumu, za naironi, au hata za chuma zilizochongwa kwa mashine. Mteja hurudi barabarani akifurahi. Usukani umekaza na gurudumu linatii papo hapo. Lakini baada ya miezi kadhaa, baadhi yao huketi mbele ya daktari wakinyoosha mikono na kuuliza kwa nini vidole havihisi.

Tuanze basi na raba yenyewe, maana wengi huidharau kwa sababu ni ndogo na haionekani.

Kazi ya raba ile

Injini ya pikipiki ya silinda moja, kama zile nyingi zinazobeba abiria humu nchini, haitulii. Kila pistoni inapopanda na kushuka, chuma chote hutikisika. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, fremu hupigwa mitikisiko 100 kila sekunde. Mitikisiko hiyo hupanda kupitia fremu na uma wa mbele hadi kwenye usukani, na kutoka hapo huingia viganjani mwako.

Watengenezaji wa pikipiki nyingi huweka raba kati ya uma na usukani ili imeze mitikisiko hiyo ya kasi. Haikuwekwa kwa ajili ya mashimo ya barabara. Hiyo ni kazi ya shoki na magurudumu. Raba laini husogea kidogo, ikabaki na sehemu kubwa ya mtetemo. Bushi ngumu haisogei, na kwa sababu haisogei hupitisha karibu kila kitu. Hapo ndipo siri ilipo: kitu kile kile kinachokufanya "uisikie barabara" vizuri zaidi ndicho kinachouleta mtetemo wa injini hadi kwenye mifupa yako.

Sisemi kwamba anayetaka usukani uliokaza ni mjinga. Raba iliyozeeka, iliyolowa oili au kupasuka, ni hatari. Usukani huchelewa kutii, pikipiki huyumba ikikata kona, na ukifunga breki ghafla ukiwa na abiria na gunia la viazi, mchezo huo mdogo unaweza kukutupa mtaroni. Tatizo lipo kweli. Ninachopinga ni dawa inayotolewa.

Wapo pia wanaoiga wakimbiaji wa mashindano. Kumbuka kuwa mwendeshaji wa mashindano hukaa juu ya pikipiki kwa muda mfupi, kwenye njia laini kama kioo, kisha hushuka akapumzika. Mhudumu wa bodaboda huanza saa kumi na moja alfajiri na wengi hurudi nyumbani saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Kinachomfaa yule hakimfai huyu.

Mtetemo hufanya nini mkononi?

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1918 daktari Mmarekani, Bi Alice Hamilton, alikwenda Bedford katika jimbo la Indiana kuwachunguza wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo. Aliwakuta wanaume ambao vidole vyao viligeuka vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Baadaye ugonjwa huo ulionekana kwa wakata miti wanaotumia misumeno ya mota, kwa wachimba migodi, na huko Japani kwa wapeleka barua na polisi wa trafiki wanaoendesha pikipiki kwa miaka mingi.

Mtetemo huushambulia mkono kwa njia tatu.

Kwanza, mishipa midogo ya damu. Ikitikiswa siku baada ya siku, hujifunza kujikaza kupita kiasi. Baridi ikipiga, hujifunga kabisa na kidole hukosa damu. Kidole huwa baridi, hupauka, kisha damu inaporudi huwa chekundu na kuuma sana. Kwa ngozi yetu nyeusi weupe huo si rahisi kuuona mgongoni mwa kidole. Utazame upande wa kiganja na chini ya kucha. Wanaoendesha alfajiri huko Limuru au Kinangop mwezi wa Julai ndio hasa watakaoutambua.

Pili, neva, yaani mishipa ya fahamu. Hapa ndipo ganzi na ile hali ya kuchomwachomwa kama kwa sindano hutoka. Neva kubwa ya mkono hupita kwenye kifundo ndani ya njia nyembamba, ikibanana humo na kano tisa. Mtetemo, kushika kwa nguvu na kukunja kifundo kwa saa nyingi huvimbisha njia hiyo, na neva hubanwa. Hapo kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete hufa ganzi, hasa usiku. Neva nyingine hupita upande wa kidole kidogo, na hiyo hubanwa na uzito wa mwili unapoegemea usukani kwa viganja.

Tatu, misuli na viungo. Mshiko hudhoofika. Mtu huanza kuangusha vikombe, hushindwa kufunga vifungo vya shati, au hutatizika kuchagua sarafu mfukoni bila kutazama.

Lililo baya ni kwamba maradhi haya huja polepole na bila kelele. Mwanzoni ganzi hutoweka dakika chache baada ya kushuka. Baadaye hukaa saa nzima. Mwishowe hukaa siku nzima, na hapo huenda isiondoke tena. Waliowahi kupunguza mtetemo mapema, wengi wao hupata nafuu. Waliongoja hadi misuli iliyo chini ya kidole gumba ikasinyaa, mara nyingi hubaki na kilema. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Hesabu inayofaa kujulikana

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mwaka 2002 viwango vya mtetemo wa mikono kazini. Mtetemo ukifikia mita 2.5 kwa sekunde kwa sekunde, kwa wastani wa saa nane, mwajiri analazimika kuchukua hatua. Ukifikia 5, hairuhusiwi kupita hapo.

Usitishwe na vipimo hivyo. Shika jambo moja tu ndani yake. Mtetemo ukiongezeka maradufu, muda unaoweza kuuvumilia kabla ya kufikia kiwango kile kile haupungui kwa nusu. Hupungua hadi robo. Mtu anayeshika usukani wenye mtetemo wa 2.5 hufikia kiwango cha kwanza baada ya saa nane. Ukipanda hadi 5, atakifikia baada ya saa mbili tu. Kwa hivyo badiliko dogo gerejini laweza kugeuza kazi ya siku nzima iliyovumilika kuwa kazi ya kuumiza kabla ya saa nne asubuhi.

Athari hutofautiana. Injini moja hutetemesha kuliko nyingine, na watu wawili wanaofanya kazi sawa hawaumii sawa. Lakini ukiunganisha injini chakavu, bushi za chuma na saa kumi na mbili barabarani, umejiwekea mtego.

Kijana aliyeogopa presha

Nikupe mfano. Kijana wa miaka ishirini na tisa, mhudumu wa bodaboda katika mtaa mmoja wa Nairobi, alikuja kliniki akiwa na mfuko wa dawa za kutuliza maumivu alizonunua dukani. Kwa miezi minne vidole vyake vilikuwa vikifa ganzi.

"Daktari, hii ni damu ama ni presha?" aliniuliza. "Asubuhi siwezi hata kumfunga mtoto vifungo vya sare ya shule."

Presha yake ilikuwa sawa na sukari yake ilikuwa sawa. Nilipomwuliza kama kuna kilichobadilika kazini, alifikiri kidogo, akasema, "Hakuna, ila nilitengeneza usukani. Fundi alinitolea raba akaniwekea chuma. Ilikaa fiti kabisa."

Nilimwambia mambo mawili: arudishe raba mpya za pikipiki yake, na alale na kifundo cha mkono kikiwa kimenyooshwa kwa kifaa maalumu. La tatu, kupunguza saa za kazi, halikuwa rahisi. Alikuwa akilipa mkopo wa pikipiki kila siku, na siku asiyotoka ni siku ya deni. Tukakubaliana apumzike dakika kumi kila baada ya saa moja, na jioni asikubali safari za mbali.

Baada ya miezi mitatu usingizi wake ulikuwa umerudi na vifungo alivifunga bila shida. Kidole kidogo cha mkono wa kulia bado kina ganzi kidogo. Nilimwambia wazi kuwa huenda kikabaki hivyo.

Jipime mwenyewe

Kutanisha migongo ya viganja vyako mbele ya kifua, vidole vikielekea chini, vifundo vikiwa vimekunjwa. Kaa hivyo kwa dakika moja. Ukianza kuhisi ganzi au kuchomwachomwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huenda neva inabanwa kwenye kifundo. Kipimo hiki si hukumu ya mwisho, lakini ni sababu tosha ya kumwona daktari.

Jiulize pia: ganzi hukaa kwa muda gani baada ya kushuka? Huniamsha usiku? Vidole hupauka kwa baridi? Huangusha vitu? Jibu la "ndiyo" kwa lolote kati ya haya lisipuuzwe.

Hata hivyo, usikimbilie kulaumu pikipiki kwa kila ganzi. Kisukari huleta ganzi, ingawa aghalabu huanza miguuni. Pombe nyingi na upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi yaweza kuileta pia, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Virusi vya UKIMWI, maradhi ya tezi la shingo, ukoma na uti wa mgongo uliobanwa shingoni ni sababu nyingine. Mama mjamzito naye aweza kubanwa neva ya kifundo bila kugusa pikipiki. Ndiyo sababu unahitaji kupimwa, si kubahatisha.

Na kumbuka hili: ganzi au udhaifu unaokuja ghafla upande mmoja wa mwili, hasa mdomo ukipinda au maneno yakikwama, si habari ya usukani. Hicho ni kiharusi. Kimbia hospitalini saa hiyo hiyo.

Kabla fundi hajachukua spana

Usukani ukicheza, usiagize bushi ngumu mara moja. Tafuta kwanza ugonjwa uko wapi, kama vile daktari anavyopima kabla ya kuandika dawa.

Simama mbele ya pikipiki, ubane gurudumu la mbele kwa magoti, kisha uzungushe usukani kulia na kushoto. Ukisogea kabla gurudumu halijavutwa, raba zimechoka au bolti zimelegea. Halafu inua gurudumu la mbele lisiguse chini, shika uma sehemu ya chini, uvute na kusukuma. Ukisikia mgongano, beringi za shingo ya usukani ndizo zimeisha, na bushi ngumu haitaziponya. Itazificha tu hadi siku ya ajali.

Chunguza pia chanzo cha mtetemo wenyewe: upepo wa magurudumu, spoku zilizolegea, mnyororo, na bolti zinazoishika injini kwenye fremu. Bolti moja ya injini iliyolegea huweza kutetemesha pikipiki nzima.

Ukishajua kuwa ni raba, nunua mpya za aina iliyokusudiwa kwa pikipiki yako. Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ina spea za kila namna, nzuri na mbovu. Beba ile ya zamani ukailinganishe. Wengi waliodhani wanahitaji usukani "mgumu" hugundua kuwa walichohitaji ni raba mpya tu. Baada ya miaka mingi ya kuendesha na raba iliyokufa, mpya hukaza vya kutosha.

Ikiwa bado unataka ukazo zaidi, chagua raba ngumu kiasi au poliurethani laini badala ya chuma. Uzito mdogo wa chuma kwenye ncha za usukani pia hutuliza mtetemo. Kisha jichunguze kwa wiki mbili. Ganzi ikianza, mwili umekwisha kutoa jibu, na usibishane nao.

Jihadhari pia na bushi za kuchongwa zisizolingana na tundu au urefu wa bolti. Usukani ukiachia ukiwa katika barabara ya Thika, hutapata nafasi ya kuuliza ni nani aliyeupima.

Namna ya kuendesha

Usiukamate usukani kama mtu anayezama. Kadiri unavyoufinya ndivyo mtetemo unavyoingia mkononi. Ushike kama unavyoshika yai: lisianguke, wala lisipasuke. Panga vishikio vya klachi na breki ili kifundo kinyooke pamoja na mkono, na utie oili waya wa klachi usiwe mzito kuvuta.

Vaa glavu. Zile ziitwazo za kuzuia mtetemo hazisaidii sana kama zinavyosifiwa, lakini glavu yoyote nzuri huipa mikono joto, na mkono wenye joto hupata damu. Vaa na koti pia, kwani mwili ukipoa, damu hutoroka vidoleni. Sigara hubana mishipa ile ile inayobanwa na mtetemo. Anayevuta huku akiendesha siku nzima anajipiga mara mbili.

Kwa wale mlio na vijana wa kupeleka bidhaa kwa pikipiki, wenye maduka na kampuni, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka mlinde afya ya mfanyakazi wenu. Raba za usukani, matengenezo ya injini na mapumziko ni sehemu ya ulinzi huo. Msimwachie mpeleka mzigo agharimie kwa mshahara wake na kwa vidole vyake.

Hospitalini utatendewa nini?

Daktari atakuuliza kazi yako, atapima hisia na nguvu za vidole, sukari, na pengine atakutuma kupimwa mwendo wa umeme katika neva. Neva ikiwa imebanwa kidogo, kifaa cha kunyoosha kifundo usiku kwa wiki kadhaa husaidia wengi. Wengine hupigwa sindano ya steroidi kwenye kifundo. Ikishindikana, au misuli ikianza kusinyaa, hufanywa upasuaji mdogo wa kukata utando unaoibana neva. Kwa vidole vinavyopauka hakuna upasuaji wa kawaida wa kuviponya. Tiba kubwa ni kuondoa mtetemo na kujikinga na baridi, na mara nyingine dawa za kufungua mishipa.

Mwambie daktari waziwazi kwamba unaendesha pikipiki, kwa saa ngapi kwa siku, na kama usukani umebadilishwa. Usipomweleza huenda asiulize, nawe ukarudi nyumbani na vidonge vya maumivu visivyogusa chanzo.

Dawa hizo zote, msomaji, hazifanyi kazi vizuri ikiwa kesho asubuhi utaurudia usukani ule ule wa chuma. Kwa hivyo ukipita gerejini wiki hii, mwombe fundi akufungulie usukani uone kilichomo chini yake. Ukikuta raba nzima, mshukuru na uende zako. Ukiikuta imepasuka, ibadilishe. Na ukikuta chuma, tazama vidole vyako kwanza, kisha uamue.